Nani Alihesabiwa Kuwa Mfanyakazi wa Asbesto? Historia ya Kanuni za Kinga Dhidi ya Vumbi la Asbesto Nchini Uingereza, 1898–1999

1.0 Utangulizi

Asbesto ni jina la jumla la madini yenye nyuzinyuzi ambayo hayaungui kwa moto wa kawaida, hayaozi, na yanaweza kusokotwa na kufumwa kama pamba. Sifa hizo ndizo zilizowavutia wenye viwanda vya Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, wakati injini za mvuke zilipohitaji kitu cha kuzuia joto lisipotee kwenye boila na mabomba. Sifa hizo hizo ndizo zilizoifanya asbesto iwe hatari kwa binadamu, kwa maana uzi usiooza kiwandani hauozi hata ukiwa ndani ya pafu. Nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho huvutwa pamoja na hewa na kukaa mwilini. Baada ya miaka kumi, ishirini au hata arobaini, huweza kuleta makovu ya mapafu yaitwayo asbestosisi, saratani ya mapafu, au mesothelioma, ambayo ni saratani ya utando unaofunika mapafu na viungo vya tumboni.

Historia ya kanuni zilizotungwa ili kuwakinga wafanyakazi na vumbi hili mara nyingi husimuliwa kama historia ya maarifa. Husemwa kwamba zamani madaktari hawakujua, kisha wakajua, na serikali ikachukua hatua. Makala hii inatofautiana na mtazamo huo. Kwa kutumia mfano wa Uingereza, nchi iliyotunga kanuni mahususi za vumbi la asbesto mapema kuliko nyingine, inajengwa hoja kwamba maarifa yalitangulia sheria kwa miaka mingi, na kwamba swali lililoamua hatima ya watu wengi lilikuwa la kisheria zaidi kuliko la kitabibu: nani anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa asbesto? Kila kanuni ilichora mpaka. Waliokuwa ndani ya mpaka walikaguliwa, walipimwa na, kwa masharti magumu, walilipwa fidia. Waliokuwa nje waliendelea kuvuta vumbi lile lile bila majina yao kuandikwa popote.

2.0 Maonyo ya Awali, 1898–1924

Mwaka 1898 Lucy Deane, mmoja wa wanawake wa kwanza kuajiriwa kuwa wakaguzi wa viwanda nchini Uingereza, alilitaja vumbi la asbesto katika taarifa ya mwaka ya ukaguzi. Alieleza kwamba vumbi hilo lilipochunguzwa kwa hadubini lilionekana kuwa na chembe kali zenye ncha kama vipande vya kioo, na kwamba madhara yake kwa wanaolivuta yalikwisha kuonekana. Onyo hilo halikuwa uvumi wa mitaani, kwani lilichapishwa katika taarifa rasmi ya serikali.

Mwaka uliofuata, Dkt. Montague Murray wa Hospitali ya Charing Cross, London, alimpokea mgonjwa mwenye umri wa miaka 33 aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda cha asbesto kwa miaka 14. Mgonjwa huyo alimweleza daktari kwamba kati ya watu kumi aliowakuta katika chumba cha kuchania nyuzi, ni yeye pekee aliyebaki hai. Alifariki mwaka 1900, na uchunguzi wa maiti ulionyesha mapafu yaliyojaa makovu na chembe za asbesto. Murray alitoa ushahidi huo mwaka 1906 mbele ya kamati ya serikali iliyokuwa ikichagua magonjwa ya kazini yatakayolipiwa fidia. Hata hivyo, yeye mwenyewe aliamini kwamba viwanda vilikuwa vimeanza kulidhibiti vumbi, na kamati haikuuingiza ugonjwa huo katika orodha.

Athari ya kutoingizwa katika orodha ilidhihirika katika maisha ya Nellie Kershaw wa mji wa Rochdale. Kershaw alianza kazi ya asbesto akiwa na umri wa miaka 12, na baadaye aliajiriwa na kampuni ya Turner Brothers Asbestos. Alipozidiwa na ugonjwa wa mapafu, daktari wake aliandika kwamba ameathiriwa na sumu ya asbesto. Maneno hayo yalimfungia milango miwili kwa pamoja. Chama cha bima ya afya kilisema kwamba ugonjwa uliotokana na kazi ni jukumu la mwajiri. Mwajiri naye alisema kwamba ugonjwa wa namna hiyo haupo, kwa kuwa hautambuliwi na sheria ya fidia. Kershaw alifariki tarehe 14 Machi 1924 akiwa na umri wa miaka 33, na kampuni ilikataa hata kuchangia gharama za mazishi yake. Mwanapatholojia William Cooke aliyachunguza mapafu yake na kuchapisha matokeo mwaka huo huo katika jarida la British Medical Journal. Mwaka 1927 Cooke aliupa ugonjwa huo jina la asbestosisi ya mapafu. Hivyo basi, kifo kilitangulia jina, na jina likatangulia sheria.

3.0 Uchunguzi wa Merewether na Price na Kanuni za 1931

Serikali ilimteua Dkt. E. R. A. Merewether, mkaguzi wa viwanda aliyekuwa tabibu, pamoja na mhandisi C. W. Price, kuichunguza sekta nzima ya asbesto. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1930. Merewether aliwapima wafanyakazi 363 na kuwakuta 95 kati yao, yaani asilimia 26.2, wakiwa na asbestosisi. Miongoni mwa waliofanya kazi kwa miaka 20 au zaidi, wagonjwa walikuwa asilimia 80.9. Ikumbukwe kwamba aliwapima waliokuwa bado kazini. Waliokwisha kuacha kazi kwa sababu ya kuishiwa pumzi, pamoja na waliokwisha kufariki, hawakuwamo katika hesabu. Kwa hiyo, takwimu hizo, pamoja na ukubwa wake, zilionyesha kiwango cha chini cha madhara yaliyokuwapo.

Matokeo yake yalikuwa Kanuni za Sekta ya Asbesto za mwaka 1931, zilizoanza kutumika tarehe 1 Machi 1932. Kanuni hizo ziliwataka waajiri wafunge mitambo ya kufyonza vumbi kwenye mashine zilizotajwa, wawape vifaa vya kupumulia wafanyakazi wanaosafisha vyumba vya vumbi, na wasiwaweke vijana wenye umri wa chini ya miaka 18 katika baadhi ya kazi. Sambamba na kanuni hizo ulianzishwa mpango wa fidia na wa kuwapima wafanyakazi mara kwa mara. Kwa kipimo cha wakati huo, hii ilikuwa hatua kubwa, na haifai kubezwa.

Pamoja na hayo, muundo wa kanuni hizo unahitaji kuchunguzwa kwa makini. Kwanza, kanuni ziliorodhesha shughuli maalumu: kuponda na kusaga asbesto, kuchanganya, kutengeneza nguo na nyuzi za asbesto, kutengeneza vibao na magodoro ya kuhami joto, na kukata au kusugua bidhaa kavu. Shughuli isiyokuwamo katika orodha haikuwa ndani ya kanuni hata kama ilitoa vumbi zito. Pili, kazi fulani zilizofanywa mara moja moja zilisamehewa iwapo hakuna mtu aliyezifanya kwa zaidi ya saa 8 kwa wiki. Tatu, kipimo cha usalama kilitokana na makubaliano kati ya wakaguzi na wenye viwanda. Hali ya vumbi iliyopatikana katika aina fulani ya usokotaji bila kufyonzwa ilichukuliwa kuwa kiwango kinachovumilika, na ni kazi zenye vumbi zaidi ya hapo tu zilizolazimishwa kuwa na mitambo. Hapakuwa na ushahidi wa kitabibu kwamba kiwango hicho ni salama. Kilichokuwapo ni ushahidi kwamba kinatekelezeka bila kukisumbua sana kiwanda.

Nne, utekelezaji ulikuwa dhaifu. Katika miongo zaidi ya mitatu ambayo kanuni hizo zilitumika, kampuni zilizoshtakiwa mahakamani kwa kuzivunja zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wakaguzi waliamini katika ushawishi na ushauri, nao wenye viwanda waliupokea ushauri kwa kasi waliyoitaka wenyewe.

4.0 Waliobaki Nje ya Mpaka

Kundi kubwa lililoachwa nje lilikuwa la wale waliotumia asbesto badala ya kuitengeneza. Mafundi wa kuhami joto walifunga asbesto kwenye mabomba ya meli, mitambo ya umeme na injini za treni. Walichanganya unga wa asbesto na maji kwa mikono, wakakata vibao kwa msumeno, na wakabomoa vifuniko vya zamani katika vyumba finyu vya chini ya meli. Pembeni yao walikuwapo wachomeleaji, maseremala, mafundi umeme na wapaka rangi, ambao hawakuigusa asbesto lakini walivuta hewa ile ile. Kwa sheria ya 1931, wengi wao hawakuwa wafanyakazi wa asbesto. Ilipofika mwaka 1960 ndipo kanuni za ujenzi na ukarabati wa meli zilipoweka masharti ya asbesto katika karakana hizo. Ilikuwa imepita miaka 28 tangu kanuni za viwandani zianze kutumika, na katikati yake vita kuu moja ambayo meli zake zilijengwa kwa asbesto nyingi.

Wakati huo, hatari yenyewe ilionekana kuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1955 Richard Doll alichapisha utafiti wa wanaume 113 waliofanya kazi kwa miaka 20 au zaidi katika sehemu zenye vumbi za kiwanda kimoja cha asbesto. Aligundua kwamba uwezekano wao wa kufa kwa saratani ya mapafu ulikuwa takriban mara kumi ya ule wa watu wa kawaida. Kiwanda hicho kilikuwa cha Turner Brothers, kampuni ile ile ya Rochdale, na uongozi wake ulijaribu kuzuia makala hiyo isichapishwe. Asbestosisi haikuwa tena mwisho wa orodha ya madhara, bali mwanzo wake.

5.0 Ushahidi Kutoka Machimboni na Majumbani

Asbesto iliyosokotwa Uingereza haikuchimbwa Uingereza. Turner & Newall, kampuni mama ya Turner Brothers, ilimiliki machimbo Rhodesia ya Kusini na Swaziland. Kampuni ya Cape Asbestos, iliyoanzishwa mwaka 1893, ilichimba asbesto ya buluu katika eneo la Prieska, kaskazini-magharibi mwa Jimbo la Cape, na asbesto ya kahawia huko Penge, katika Transvaal. Katika maeneo hayo wanawake walipasua mawe kwa nyundo ili kutenga nyuzi, na watoto wao walikuwa karibu nao. Daktari mmoja wa serikali ya Afrika Kusini aliyetembelea Penge mwaka 1949 alishuhudia watoto wakiwa ndani ya magunia makubwa, wakiishindilia asbesto kwa miguu huku ikiwamiminikia vichwani, na msimamizi mwenye kiboko akiwahimiza wasisimame. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu kanuni za Uingereza zianze kumkinga kijana wa Rochdale mwenye umri wa chini ya miaka 18.

Ni kutoka Prieska ulikotoka ushahidi uliobadilisha mjadala wote. Mwaka 1960 J. C. Wagner, C. A. Sleggs na Paul Marchand walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa mesothelioma, ugonjwa uliokuwa nadra mno. Wote isipokuwa mmoja walikuwa na uwezekano wa kukutana na asbesto ya buluu. Jambo zito zaidi ni kwamba wengi wao hawakuwahi kuajiriwa machimboni, bali waliishi au kucheza karibu na machimbo walipokuwa watoto. Miaka mitano baadaye, Muriel Newhouse na Hilda Thompson walionyesha jambo hilo hilo jijini London. Kati ya wagonjwa 76 ambao historia zao zilipatikana, 9 walikuwa wameishi na ndugu aliyefanya kazi ya asbesto, wengine wakiwa wake waliokung'uta na kufua nguo za kazi za waume zao. Wengine 11 hawakuwa na uhusiano wowote na kazi hiyo isipokuwa kuishi ndani ya nusu maili kutoka kiwandani.

Kwa matokeo haya, dhana iliyobeba kanuni za 1931 ilivunjika. Dhana hiyo ilidai kwamba hatari imo ndani ya kuta za kiwanda, kwamba huja polepole kwa miaka mingi ya vumbi zito, na kwamba mwenye kuhitaji kinga ni yule aliyesimama mbele ya mashine. Prieska na London zilionyesha kwamba vumbi halikuutambua mpaka uliochorwa na sheria. Lilitoka getini likiwa limeshikamana na nguo, nywele na viatu.

6.0 Kutoka Kanuni za 1969 Hadi Marufuku ya 1999

Kanuni mpya za Asbesto za mwaka 1969 zilianza kutumika mwezi Mei 1970. Badala ya orodha ya shughuli, sasa zilihusu kila kazi itakayotoa vumbi la asbesto kwa kiasi kinachoweza kudhuru afya, zikiwamo kazi za mafundi wa kuhami joto na za ubomoaji. Masharti makali zaidi yaliwekwa kwa asbesto ya buluu. Mpaka ulikuwa umesogezwa mbele.

Hata hivyo, swali la kiasi gani kinadhuru lilijibiwa tena kwa kutegemea takwimu za kiwanda. Kiwango cha nyuzi 2 kwa kila mililita ya hewa kilitokana na rekodi za wafanyakazi 290 wa Rochdale, zilizotayarishwa na watumishi wa kampuni yenyewe. Vipimo vya baadaye vya kundi hilo vilionyesha dalili za ugonjwa kwa watu wengi zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Ili kuelewa maana ya kiwango hicho, tukumbuke kwamba mtu huvuta takriban mita za ujazo 10 za hewa katika zamu ya saa 8 ya kazi. Kwa kiwango cha nyuzi 2 kwa mililita, mfanyakazi aliyelindwa kikamilifu na sheria aliweza kuvuta nyuzi milioni 20 kwa siku.

Mabadiliko yaliyofuata hayakuanzia katika maabara wala katika ofisi za serikali. Huko Hebden Bridge, Yorkshire, ambako kiwanda cha Cape kiitwacho Acre Mill kilifungwa mwaka 1970, malalamiko ya wananchi na mbunge wao yalisababisha uchunguzi wa Ombudsman wa Bunge. Taarifa yake ya mwaka 1976 iliukosoa ukaguzi wa serikali. Mwaka 1982 televisheni ilionyesha filamu kuhusu Alice Jefferson, mwanamke wa miaka 47 aliyekuwa akifa kwa mesothelioma. Alikuwa amefanya kazi Acre Mill kwa miezi michache tu akiwa msichana wa miaka 17. Filamu hiyo ilizua kilio cha umma. Serikali ilishusha viwango vya vumbi vilivyoruhusiwa, na mwaka 1983 ikatunga kanuni za leseni kwa wanaoondoa vifaa vya asbesto vya kuhami joto. Kanuni za mwaka 1985 zilipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia, na mwezi Novemba 1999 marufuku ilienea hadi asbesto nyeupe. Tangu maandishi ya Lucy Deane, ilikuwa imepita miaka 101.

Marufuku hayakuifuta asbesto iliyokwisha kujengewa. Utafiti wa Julian Peto na wenzake wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba wafanyakazi wa ujenzi ndio waliokuwa kundi kubwa miongoni mwa waliokufa kwa mesothelioma. Hawa ni maseremala, mafundi bomba na mafundi umeme ambao hawakujiita wafanyakazi wa asbesto, wala sheria haikuwaita hivyo kwa muda mrefu. Hata baada ya marufuku, mesothelioma iliendelea kuua zaidi ya watu 2,000 kwa mwaka nchini humo, kwa sababu ya nyuzi zilizovutwa miongo kadhaa iliyotangulia.

7.0 Mpaka wa Mwisho: Kesi ya Wachimbaji

Mpaka mmoja ulibaki, nao ni ule uliotenganisha kampuni na watu wake wa mbali. Cape iliuza machimbo yake na kuondoka Afrika Kusini mwaka 1979. Wachimbaji na wakazi wa Prieska na Penge walipofungua kesi London katika miaka ya 1990, kampuni ilidai kwamba shauri hilo lisikilizwe Afrika Kusini, mahali ambapo haikuwa tena na mali. Tarehe 20 Julai 2000, Mahakama ya Juu ya Mabwana wa Uingereza iliamua kwamba wadai, ambao walikuwa wamezidi 3,000, wana haki ya kusikilizwa Uingereza, kwa kuwa nchini mwao wasingepata fedha wala mawakili wa kuendesha kesi ya uzito huo. Makubaliano ya kwanza ya fidia hayakutimizwa na kampuni. Mwaka 2003 yalifikiwa mengine, ambapo Cape ililipa paundi milioni 7.5 kwa wadai wapatao 7,500. Ukigawa sawasawa, ni paundi 1,000 kwa kila mmoja. Afrika Kusini yenyewe ilipiga marufuku asbesto mwaka 2008.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kanuni za kumkinga mfanyakazi na asbesto nchini Uingereza hazikuchelewa kwa kukosa maarifa. Onyo lilikuwapo mwaka 1898, takwimu zilikuwapo mwaka 1930, na uhusiano na saratani ulikuwapo mwaka 1955. Kilichochelewa ni kupanuka kwa maana ya mtu anayestahili kulindwa. Kwanza alihesabiwa mwendesha mashine wa kiwandani, kisha fundi wa karakana ya meli, kisha mbomoaji wa majengo. Mke aliyefua nguo, mtoto aliyecheza karibu na kiwanda na mchimbaji wa Prieska walihesabiwa mwishoni, wengi wao wakiwa wameshakufa.

Somo hili lina uzito kwa Afrika ya Mashariki. Sheria ya Viwanda ya Tanganyika, Sura ya 297 ya mwaka 1950, ilifuata mfano wa sheria za viwanda za Uingereza, na pamoja nayo iliingia dhana kwamba mahali pa kulindwa ni kiwandani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 iliupanua uwanja huo, na Mkataba Na. 162 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1986 unatoa mwongozo mahususi kuhusu asbesto. Lakini paa na mabomba ya saruji ya asbesto yangali yapo katika majengo mengi ya zamani, na yanapochakaa huvunjwa kwa nyundo na vibarua wa kutwa wasio na mkataba, wasio na barakoa inayofaa, na wasiojulikana na mkaguzi yeyote. Kwa kipimo cha ugonjwa, huyo ndiye mfanyakazi wa asbesto wa leo. Kanuni itakayomkinga ni ile itakayoanza kwa kuuliza ni nani anayevuta vumbi, kabla ya kuuliza ni nani aliyeajiriwa.